Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Kawempe

Wazazi wengi wakimbizi wanaoishi Kampala huuliza swali hili: "Tumsemeshe mtoto lugha gani?" Nyumbani mama anasema Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Baba anasema Kiswahili. Kanisani kuna Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Majirani wa Bwaise, Kazo, Kyebando na Kalerwe wanasema Luganda. Shule inataka Kiingereza.

Mtoto akifika miaka miwili bila kusema sana, ushauri hutoka kila upande. Mwenye nyumba anasema, "Mnamchanganya." Mwalimu wa chekechea anasema, "Msemesheni Kiingereza tu." Jirani anasema, "Ni lugha nyingi hizo. Atasema tu, subirini."

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kumdhuru mtoto kwa njia mbili. Kwanza, mzazi huacha lugha anayoijua vizuri na kuanza kumsemesha mtoto kwa lugha anayoibahatisha. Matokeo yake mtoto husikia maneno machache, na mazungumzo ya nyumbani hupungua. Pili, mtoto ambaye hasikii vizuri, au ambaye ana tatizo jingine la kweli, anaweza kukaa miaka bila kupimwa kwa sababu kila mtu analaumu wingi wa lugha.

Makala haya yanaeleza jinsi mtoto anavyojifunza lugha tangu tumboni hadi miaka ya kwanza ya shule, kwa nini hupaswi kuacha lugha yako, na ni dalili gani zinazokutaka umpeleke mtoto kwa mhudumu wa afya bila kungoja. Yanawahusu wakimbizi, na pia familia za Uganda wanaoishi nao mtaa mmoja, kwa sababu nyumba nyingi za Kawempe, za wageni na za wenyeji, zina lugha zaidi ya moja.

Mtoto huanza kusikia kabla ya kuzaliwa

Mimba ikifika takriban miezi sita, mtoto aliye tumboni huanza kusikia. Sauti humfikia kama ya mtu anayeongea chumba cha pili: maneno hayako wazi, lakini mwendo wa sauti, kupanda na kushuka kwake, unasikika. Sauti anayoisikia zaidi ni ya mama yake.

Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wachanga chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine ya sauti. Mtoto akinyonya kwa namna moja, alisikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa namna nyingine, alisikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto hao, ambao hawakuwa wametimiza siku tatu tangu kuzaliwa, walinyonya zaidi kwa namna iliyowaletea sauti ya mama.

Utafiti mwingine unazihusu moja kwa moja familia zenye lugha mbili. Mwaka 2010, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, Krista Byers-Heinlein na wenzake waliwapima watoto wachanga ambao mama zao walisema Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wote wa ujauzito. Watoto wa mama waliosema Kiingereza peke yake walipendelea Kiingereza. Watoto wa mama wenye lugha mbili walivutiwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kutofautisha ipi ni ipi.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa leo Kawempe na mama anayesema Kibembe na Kiswahili amekuja duniani akiwa amekwisha kuzizoea lugha zote mbili. Kuzitenganisha ni kazi ambayo ubongo wake umekwisha kuianza.

Mwaka wa kwanza: sikio huchagua sauti za nyumbani

Kila lugha ina sauti zake. Mtoto mchanga hajui atalelewa kwa lugha gani, kwa hiyo huzaliwa akiwa na uwezo wa kutofautisha sauti nyingi, hata za lugha ambazo hajawahi kuzisikia. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha hivyo kwa watoto wa Kanada waliolelewa kwa Kiingereza. Wakiwa na miezi 6 hadi 8, wengi wao walitofautisha sauti za Kihindi ambazo Mwingereza mtu mzima huziona kuwa sauti moja. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuweza tena. Watoto waliolelewa katika lugha yenye sauti hizo waliendelea kuzitofautisha.

Mfano wa jambo hili tunao karibu. Angalia majina ya mahali: Kalerwe, Mpererwe, Makerere, Mulago. Katika Luganda, herufi *r* huja baada ya *e* au *i*, na *l* huja kwingineko. Ndiyo maana ni Mulago, si Murago, na ni Makerere, si Makelele. Kwa Mganda, *l* na *r* ni kama sauti moja yenye nguo mbili, kwa sababu hakuna maneno mawili ya Luganda yanayotofautishwa na herufi hizo tu. Katika Kiswahili zinabadilisha maana: *kalamu* ni ya kuandikia, *karamu* ni ya kula na kunywa. *Kula* unafanya mezani, *kura* unapiga siku ya uchaguzi.

Luganda nayo ina tofauti ambazo sikio la Mswahili huzikosa. *Okuta* ni kuachia, *okutta* ni kuua. Tofauti ni ile *t* inayoshikiliwa kidogo kabla ya kutoka. Mtu mzima aliyefika Kampala akiwa na miaka thelathini huhangaika nayo. Mtoto aliyezaliwa hapa, akisikia Kiswahili kwa mama na Luganda kwa jirani anayemshika kila siku, hujifunza tofauti zote mbili bila mtu kumfundisha.

Hii haina maana kwamba mlango hufungwa mtoto akifikisha mwaka mmoja. Watoto wakubwa na watu wazima hujifunza lugha mpya, na wewe huenda ni ushahidi wa jambo hilo. Ila kwa sauti, kadiri mtu anavyoanza mapema ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi.

Mtoto hujifunza kwa watu, si kwa runinga

Mzazi anaweza kusema: "Sijui Kiingereza vizuri, basi nimwachie mtoto katuni za Kiingereza kwenye simu." Utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003 na Patricia Kuhl na wenzake unajibu wazo hilo. Watoto wa miezi 9 kutoka nyumba za Kiingereza walikutana mara 12 na watu waliosema Kichina cha Mandarini. Watu hao walicheza nao, wakawaonyesha vitabu na kuwasemesha uso kwa uso. Baada ya hapo watoto hao walitofautisha sauti za Kichina kama watoto waliokuwa wakikua Taiwan.

Kundi jingine la watoto liliwatazama watu walewale, wakisema maneno yaleyale, kwenye runinga. Kundi la tatu lilisikia sauti peke yake. Makundi hayo mawili hayakujifunza sauti hizo.

Mtoto mchanga anahitaji mtu anayemtazama, anayemjibu, anayesubiri naye ajibu. Runinga haisubiri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, linashauri mtoto asiyefika mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku.

Uhusiano huo kati ya mlezi na sauti za mtoto uliandikwa kwa kina hapahapa Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na kufanya kazi na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Aliwatembelea majumbani akina mama 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwafuatilia watoto wao 28, na mwaka 1967 alichapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Moja ya mambo aliyoyaandika ni kwamba mtoto hutoa sauti kwa wingi na kwa urahisi zaidi anapokuwa na mama yake kuliko anapokuwa na watu wengine. Mtoto huanza mazungumzo na mtu anayemwamini.

Kutoka "aa" hadi sentensi

Watoto hawalingani. Mmoja husema mapema, mwingine baadaye, na wote wakawa salama. Hata hivyo, kuna hatua ambazo watoto wengi duniani huzipitia kwa mpangilio unaofanana, iwe lugha yao ni moja au ni tatu.

- Miezi 2 hadi 3: hutoa sauti laini kama "aa" na "uu", hutulia akisikia sauti anayoijua, hutabasamu akisemeshwa.
- Miezi 6 hadi 9: hurudiarudia silabi kama "bababa", "mamama", "dadada". Hugeuka akisikia sauti, na karibu na miezi 9 huitikia jina lake.
- Mwaka 1 hivi: husema neno la kwanza lenye maana. Huonyesha kwa kidole, hupunga mkono, huelewa "hapana" na "njoo".
- Mwaka 1 na nusu: ana maneno kadhaa, na anaelewa mengi kuliko anayosema.
- Miaka 2: huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "taka maji".
- Miaka 3: husema sentensi fupi, huuliza maswali, na watu wa nyumbani wanaelewa sehemu kubwa ya anayosema.

Si ajabu kwamba maneno ya kwanza hufanana katika lugha nyingi: mama, baba, papa, tata. Sauti *m*, *b*, *p* na *t* ni rahisi kwa mtoto kwa sababu hutengenezwa kwa kufunga na kufungua midomo, au kwa ulimi kugusa nyuma ya meno. Sauti kama *r* huchelewa. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" hana ugonjwa wa ulimi. Vilevile mtoto anayesema "selasini" badala ya "thelathini" huenda anasema hivyo kwa sababu watu wa nyumbani kwake wanasema hivyo. Mtoto hujifunza Kiswahili cha watu wanaomlea, kiwe cha Bukavu, cha Goma au cha Mombasa.

Sarufi nayo huja polepole. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mambo mengi mbele yake: nani anatenda, lini, kwa nani. Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi waliokuwa wakijifunza Kiswahili, na katika kitabu chake cha mwaka 2005 alionyesha kwamba watoto wadogo mara nyingi huacha viambishi hivyo vya mwanzo, kisha huviongeza kadiri wanavyokua. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayesema "taka maji" anapita njia ya kawaida. Huna haja ya kumkemea. Mjibu tu kwa sentensi kamili: "Ah, unataka maji? Haya, maji haya hapa."

Je, lugha nyingi zinamchanganya mtoto?

Hapana. Watoto wanaolelewa kwa lugha mbili au tatu huanza kusema katika umri uleule na watoto wa lugha moja. Kinachowapotosha watu ni namna ya kuhesabu.

Chukua mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa anayeishi Bwaise. Anajua maneno 15 ya Kiswahili, maneno 10 ya Luganda aliyoyapata kwa watoto wa jirani, na maneno 5 ya Kiingereza. Mwalimu akihesabu Kiingereza peke yake, ataona mtoto aliyechelewa sana. Jirani akihesabu Luganda peke yake, ataona vivyo hivyo. Lakini mtoto huyo ana maneno 30. Ni sahihi kuhesabu maneno ya lugha zote pamoja.

Jambo la pili linalowatisha wazazi ni kuchanganya. Mtoto anasema, "Mama, leta amazzi," akiweka neno la Luganda ndani ya Kiswahili. Hiyo si dalili ya kuchanganyikiwa. Ametumia neno lililomjia kwanza, au anajua kwamba wewe unaelewa lugha zote mbili. Simama sokoni Kalerwe kwa dakika tano utawasikia watu wazima wakifanya hivyohivyo siku nzima. Kadiri mtoto anavyopata maneno zaidi, ndivyo anavyojua nani asemeshwe lugha gani.

Jambo la tatu ni ukimya wa shuleni. Mtoto anayeingia chekechea au P1 bila kujua Luganda wala Kiingereza anaweza kukaa kimya kwa wiki, hata kwa miezi kadhaa, akisikiliza. Mwalimu anaweza kudhani ana tatizo. Mwambie mwalimu waziwazi: "Nyumbani anasema vizuri Kiswahili. Anajifunza lugha yenu, mpe muda." Ikiwa nyumbani anaongea, anacheka, anasimulia na kuuliza, ukimya wa shuleni kwa kawaida hupita.

Kwa nini usiache lugha yako

Lugha za nje ya nyumba zitamfikia mtoto bila juhudi yako. Luganda ataipata uani, kwa watoto wenzake na dukani. Kiingereza atakipata darasani. Mtaala wa madarasa ya mwanzo ulioanza mwaka 2007 unaelekeza lugha ya eneo itumike kufundishia P1 hadi P3, lakini shule nyingi za mjini hufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kiswahili nacho kinapewa nafasi: Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Kibembe, Kifuliiru, Mashi au Kinyamulenge hakuna shule ya Kawempe itakayomfundisha mtoto wako. Asipoipata kwako, hataipata. Siku utakapompa simu azungumze na bibi yake aliyebaki Fizi au Uvira, atashindwa hata kumsalimia ipasavyo. Ninyi familia za Uganda mnaosema Kiacholi, Lusoga au Runyankole nyumbani mko katika hali hiyohiyo.

Kuna sababu nyingine ya kila siku. Katika lugha unayoijua vizuri unaweza kumwambia mtoto hadithi, kumtania, kumbembeleza usiku, kumweleza kwa nini moto unaunguza, na kumrekebisha bila kumfokea. Katika lugha unayoibahatisha unabaki na amri chache: njoo, kaa, acha, kula. Mtoto anayelelewa kwa amri chache anapata lugha chache.

Ikiwa wazazi wana lugha mbili tofauti, kila mmoja anaweza kumsemesha mtoto kwa yake. Si lazima kuweka sheria kali. Kinachohitajika ni kila lugha isikike mara kwa mara, kutoka kwa mtu anayempenda mtoto.

Usingoje ukiona dalili hizi

Hapa ndipo penye hatari ya kusema "ni lugha nyingi". Mtoto mwenye tatizo la kusikia au la lugha ana shida katika lugha zake zote, hata ile ya nyumbani. Kwa hiyo jiulize kwanza: katika lugha anayoisikia zaidi, anaelewa? anaitikia? anajaribu kusema? Mpeleke mtoto kwa mhudumu wa afya ukiona mojawapo ya haya:

- Mtoto mchanga hashtuki kabisa akisikia kishindo kikubwa.
- Amefika miezi 6 na hageuki akisikia sauti.
- Amefika mwaka 1 na hatoi silabi kama "baba" au "mama", haonyeshi kwa kidole, haitikii jina.
- Amefika mwaka 1 na nusu bila neno lolote, katika lugha yoyote.
- Amefika miaka 2 na haunganishi maneno mawili.
- Amefika miaka 3 na hata ninyi wa nyumbani hammwelewi.
- Alikuwa akisema, kisha akaacha au akapoteza maneno, katika umri wowote.
- Masikio yanatoa usaha, au anashikashika sikio na kulia mara kwa mara.

Sababu zinaweza kuwa nyingi. Surua, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya siku za kwanza na maambukizi ya sikio yasiyotibiwa yanaweza kuharibu usikivu. Baadhi ya hayo yanazuilika kwa chanjo, kwa hiyo usikose chanjo ya surua na rubela inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9. Mtoto aliyeona vita au aliyetengana na mzazi anaweza pia kunyamaza kwa hofu na huzuni. Huyo naye anastahili msaada, usimwite mkaidi.

Usikubali mtoto akatwe ulimi au kimeo mtaani ili "aseme haraka". Anaweza kutokwa na damu nyingi au kupata maambukizi, na kimeo hakina uhusiano na kuchelewa kusema. Ikiwa una wasiwasi kwamba ulimi umefungwa, mwonyeshe mhudumu wa afya.

Uende wapi Kawempe

Wakimbizi wana haki ya kuhudumiwa katika vituo vya afya vya serikali kama raia wa Uganda. Anza na kituo kilicho karibu nawe, kwa mfano cha Komamboga kama unaishi upande huo, au mahali mtoto anapopatia chanjo. Mwambie mhudumu: "Nataka mtoto apimwe masikio na kuangaliwa ukuaji wa lugha." Ikihitajika, omba barua ya rufaa. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, iliyo ndani ya Divisheni ya Kawempe, ina idara ya masikio, pua na koo.

Uganda pia ina wataalamu wa tiba ya usemi na lugha waliosomea hapahapa nchini. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008. Bado ni wachache kulingana na mahitaji, kwa hiyo kuwahi kuingia kwenye foleni ni faida kwa mtoto.

Nenda na kadi ya chanjo ya mtoto, kitambulisho chako cha ukimbizi au karatasi ya familia, na mtu wa kukutafsiria kama hujui Luganda wala Kiingereza. Kabla ya kwenda, andika au mwombe mtu akuandikie maneno yote ambayo mtoto anasema, katika kila lugha. Usidharau unachokijua. Huko Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama kulingana na maisha ya huko, wakawauliza wazazi, wakiwemo wasiojua kusoma, mtoto anaelewa yapi na anasema yapi. Majibu ya wazazi yaliwapa picha nzuri ya lugha ya watoto. Wewe ndiye unayemsikia mtoto wako kuliko mtu yeyote.

Kama mtoto atagundulika kuwa kiziwi, njia ya lugha haijafungwa. Mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi waliolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya alama huanza kurudiarudia ishara kwa mikono, kama mtoto anayesikia anavyorudiarudia "bababa". Lugha ya Alama ya Uganda ni lugha kamili. Mtoto kiziwi anaihitaji mapema, na familia nzima inapaswa kujifunza pamoja naye.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

Huhitaji fedha wala vitabu. Hata ukiwa katika chumba kimoja cha kupanga, na kazi ni nyingi, unaweza kufanya haya:

1. Msemeshe mtoto unapofanya kazi. Unapochambua maharage, unapoosha vyombo, unapomvalisha nguo, mwambie unachofanya kwa lugha yako.
2. Akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza kidogo umsubiri. Hayo ni mazungumzo, hata kama anasema "ba".
3. Akikosea, usimcheke wala usimlazimishe kurudia. Sema neno hilo vizuri katika jibu lako.
4. Imba nyimbo za kwenu, mwambie hadithi na vitendawili. Mwombe bibi au babu amwimbie kwa simu.
5. Ukimwacha kwa jirani ukienda kazini, mwombe jirani azungumze naye kwa lugha ya jirani. Hampotezi Kiswahili, anaongeza Luganda.
6. Zima runinga na simu wakati wa kula na kabla ya kulala.
7. Kama huzuni au uchovu umekuzidi hata huna nguvu ya kumsemesha mtoto, mwambie mhudumu wa afya au kiongozi wa jamii unayemwamini. Kukutunza wewe ni sehemu ya kumtunza mtoto.

Mweleze na jirani yako aliyeambiwa aache lugha yake. Na kama umemjua mtoto aliyefika miaka miwili bila kusema neno katika lugha yoyote, mshauri mzazi wake ampeleke kituo cha afya wiki hii, hata kama nyumba yao ina lugha tano.